Mwezi Haukuwapo Mahenge: Namna ya Kupima Usahihi katika Riwaya ya Kihistoria

Katika rasimu ya kwanza ya riwaya yangu kuhusu Vita vya Majimaji, ambamo watu wa kusini walipigana na utawala wa Wajerumani, wapiganaji walikuwa wakilinyemelea boma la Mahenge usiku wa kuamkia tarehe 30 Agosti 1905, na mbalamwezi ilikuwa kali kiasi kwamba mabua ya mtama waliyojifunga vichwani yalionekana kutoka mbali. Niliipenda sura hiyo kuliko nyingine zote. Baadaye nilikuja kubaini kwamba tarehe hiyo hiyo ya 30 Agosti jua lilipatwa, na huko Hispania lilipatwa kabisa. Na kwa kuwa jua haliwezi kupatwa ila katika siku ambazo mwezi umejificha mwishoni mwa mzunguko wake, usiku ule haukuwa na mwezi. Sura nzima ikaanguka.

Inawezekana kwamba hakuna msomaji ambaye angeligundua kosa hilo. Hata hivyo watu wanaotembea gizani hawatembei kama watu wanaotembea mbalamwezini: hushikana mabega, hupotezana, huchelewa kufika, na mlinzi wa boma huwasikia kabla hajawaona. Hapo ndipo nilipopata kipimo ambacho mwongozo huu unakitumia mwanzo hadi mwisho, kwamba kosa la kihistoria lina uzito kwa kadiri linavyobadilisha yale ambayo watu wa wakati ule waliweza au hawakuweza kuyafanya. Rangi ya vifungo vya sare ya askari haimzuii mtu kukimbia, lakini mto uliofurika, kodi asiyoweza kuilipa na usiku usio na mwezi humzuia.

Mifano yangu mingi inatoka katika Majimaji kwa sababu ndiyo historia niliyoishi nayo kwa muda mrefu. Anayeandika juu ya Kilwa ya karne ya 14, au juu ya kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu mjini Mombasa kati ya mwaka 1696 na 1698, atabadilisha mifano na kuziacha hatua kama zilivyo.

Hatua ya kwanza: funga hadithi kwenye mahali na miezi

"Enzi za Mjerumani" ni kipindi kirefu mno kwa mwandishi wa riwaya, kwa kuwa fedha, kodi, njia na majina ya vyeo vilibadilika ndani yake zaidi ya mara moja. Andika juu ya daftari lako jambo finyu zaidi, kwa mfano "Umatumbi, kuanzia Julai 1905 hadi masika ya 1907", na usianze sura yoyote kabla hujatengeneza kalenda ya kazi ya miezi hiyo. Kalenda yangu ina safu sita: tarehe ya Kizungu, tarehe ya Kiislamu, umri wa mwezi, mvua, upepo, na kazi ya shambani.

Safu hizo huonekana kuwa adhabu mpaka siku zinapoanza kukuandikia hadithi. Ramadhani ya mwaka 1323 wa Hijria ilianza mwishoni mwa Oktoba 1905. Kwa hiyo akida (msimamizi aliyewekwa na serikali ya Kijerumani) Mwislamu kutoka pwani, anayeonekana akila wali mchana katikati ya Novemba, ama ni mgonjwa, ama ni msafiri, ama anajificha, na kila jibu kati ya hayo ni mwanzo wa kisa. Vivyo hivyo, mwezi Agosti upepo unaovuma ni kusi, na jahazi linalotoka Maskati kuja Kilwa husubiri kaskazi, ambayo kwa kawaida huanza kushika nguvu Desemba. Mhusika anayetegemea habari kutoka Uarabuni katikati ya vita hana budi kungoja, na kungoja kwake hakuwezi kufupishwa kwa sababu tu mwandishi ana haraka.

Amua mapema pia jinsi utakavyohesabu siku. Kwa watu wa pwani siku huanza jua linapokuchwa, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" katika kinywa cha mzee wa Kivinje ni usiku ambao karani wa boma anauandika kuwa ni wa Alhamisi. Tofauti hiyo inatosha kumfanya mtu akose miadi.

Hatua ya pili: tenga ushahidi katika vikapu vitatu

Kikapu cha kwanza ni cha mambo yaliyothibitika. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kabla vita havijaenea kusini yote. Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa tarehe 14 Agosti pamoja na watawa wanne. Mambo ya namna hii usiyaguse, kwa sababu ndiyo misumari inayoshikilia kila kitu kingine, na msomaji anayejua msumari mmoja tu akiukuta umehamishwa hatakuamini tena hata pale ulipo sahihi.

Kikapu cha pili ni cha mambo yanayobishaniwa. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kwamba waliokufa ni watu 75,000, mwanahistoria G. C. K. Gwassa, aliyezihesabu njaa na maradhi yaliyofuata, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mwandishi wa kitabu cha historia hana budi kuchagua au kueleza kwa nini hachagui. Mwandishi wa riwaya ana njia iliyo bora zaidi, nayo ni kutotaja tarakimu yoyote, kwani hakuna mhusika aliyeijua. Mjane wa Kibata anajua kwamba katika kitongoji chake zilikuwapo nyumba kumi na nne na sasa moshi unatoka katika nyumba tatu. Hesabu hiyo ni ya kubuni, na bado ni sahihi zaidi kuliko kumtia kinywani kauli kuhusu maelfu kwa maelfu.

Kikapu cha tatu ni cha kimya. Hakuna nyaraka inayosema wanawake waliambiana nini usiku ambao waume zao walikwenda kupokea maji, au mpagazi aliyebeba risasi za Wajerumani aliwaza nini alipopita kijijini kwa shangazi yake. Kikapu hiki ni mali yako, na hakuna mwenye haki ya kukudai risiti. Kosa la waandishi wengi, na mimi nimelifanya, ni kubuni sana katika kikapu cha kwanza, ambako hakuna nafasi, na kubuni kidogo mno katika cha tatu, ambako nafasi imejaa tele.

Unapovijaza vikapu hivi, jiulize kila mara ni nani anayesema. Ripoti ya afisa wa Kijerumani inajua saa ya shambulio na idadi ya risasi, lakini kuhusu sababu za vita inajua kidogo, na mara nyingi ina lake la kujitetea. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 yanajua viboko, majina ya watu na uchungu wa kulima shamba ambalo si lako, ila yalisimuliwa zaidi ya miaka 60 baada ya tukio na miaka saba tu baada ya uhuru, wakati ambapo taifa jipya lilikuwa na hamu ya kuwasikia mashujaa wake. Vyote viwili ni ushahidi. Havisemi jambo moja, na usivilazimishe viseme jambo moja; wape wahusika wawili tofauti pande hizo mbili, kisha waache wabishane usiku kucha.

Hatua ya tatu: chunguza yaliyowezekana

Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi.

Anza na fedha. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa katika pesa 64, kisha mabadiliko ya mwaka 1904 yakaifanya iwe heller 100. Kutokana na sarafu hiyo ya heller ndipo Kiswahili kilipopata neno "hela". Kijana anayelalamika mwaka 1895 kwamba hana hela analalamikia kitu ambacho hakijazaliwa, na yule anayelipwa shilingi mwaka 1906 amelipwa miaka 15 kabla ya wakati, kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921. Makosa haya hayasameheki kirahisi, kwa sababu fedha ndiyo iliyowasukuma watu. Kodi ya rupia tatu ilikuwa amri ya kwenda mahali fulani kuzitafuta rupia hizo: kwenye shamba la mlowezi, kwenye upagazi, au kwa Mhindi wa dukani ukiwa umebeba nta au mpira wa porini mgongoni. Mwandishi akijua rupia tatu zilipatikanaje, nusu ya mtiririko wa kisa chake umekwisha kupatikana.

Fuata umbali. Reli kutoka Dar es Salaam ilianza kujengwa mwaka 1905 ikafika Morogoro mwaka 1907, wala haikuelekea kusini. Kwa hiyo vita karibu vyote vilipiganwa na watu waliokwenda kwa miguu. Kutoka Kilwa Kivinje hadi Liwale ni karibu kilomita 200 ukipiga mstari ulionyooka, na njia za miguu hazinyooki. Ukimpa mpagazi mwenye mzigo kilomita 20 kwa siku, hafiki kabla ya siku kumi. Chora ramani, weka alama ya kila mhusika, na usimruhusu yeyote ajue jambo kabla miguu ya mtu haijalifikisha. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba mhusika wangu mmoja wa Songea alikuwa akimlilia Askofu Spiss siku iliyofuata kuuawa kwake. Alikuwa analia mapema.

Silaha nazo zina mwendo wake. Gobori hupakiwa kwa mdomo, baruti yake huogopa mvua, na mpigaji akishafyatua hubaki mikono mitupu kwa muda ambao katika maandishi unaweza kuchukua aya nzima. Bombomu, yaani bunduki ya rashasha, halimngoji. Ukiipuuza tofauti hiyo utaandika mapigano ya sinema, na zaidi ya hapo utawafanya watu waliovamia boma waonekane wapumbavu, ilhali walikuwa na sababu ya kuamini kwamba risasi haitawapata.

Chakula kinahitaji tahadhari zaidi kadiri unavyorudi nyuma. Mwaka 1905 mahindi na muhogo vilikuwa vimekwisha kuzoeleka, na hapo hakuna shida. Lakini Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, katika utawala wa Sultani al-Hasan bin Suleiman, pwani yote haikuwa na mahindi, muhogo, nyanya, pilipili kali, papai wala tumbaku, kwa sababu mimea hiyo ililetwa kutoka Amerika baada ya mwaka 1492. Ukimwandalia sultani huyo ugali wa mahindi na kachumbari ya nyanya, umemlisha chakula cha karne nyingine. Mtama, wali, ndizi na samaki vilikuwapo, navyo vinatosha kwa karamu.

Ukishayakusanya haya yote, yaache mengi daftarini. Mwandishi aliyehangaika miezi sita kujua mgawanyo wa rupia hutamani kumweleza kila mtu, na matokeo yake ni mhusika anayesimama katikati ya ugomvi ili ahesabu sarafu kwa sauti. Ukweli uingie ukurasani pale tu unapomzuia mtu au unapomfungulia njia.

Hatua ya nne: amua lugha ya wahusika

Kwa mwandishi wa Kiswahili jambo hili ni gumu kuliko anavyodhani, maana Kiswahili anachoandika kilisanifiwa baada ya mwaka 1930 kwa kuegemezwa kwenye Kiunguja, na watu wa Nandete wa mwaka 1905 walisemezana Kimatumbi. Msomaji anakubali tafsiri hii ya kimyakimya bila kulalamika, mradi uifuate kanuni moja. Kanuni yangu ni kwamba Kimatumbi kinaandikwa kwa Kiswahili safi kisicho na madoido, kwa sababu mtu katika lugha yake hana lafudhi. Akida wa pwani anapewa sentensi ndefu zenye heshima na majina ya Mungu. Afisa wa Kijerumani anapewa Kiswahili cha amri, kifupi, chenye vitenzi vichache. Hivyo msomaji hujua ni lugha gani inayosemwa bila kuambiwa.

Maneno yanahitaji kuchujwa moja baada ya moja. "Tanganyika" kama jina la nchi ni ya mwaka 1920, na "Tanzania" ni ya mwaka 1964, kwa hiyo hakuna Mtanzania yeyote aliyepigana Majimaji, ingawa vitukuu vyao ni Watanzania. "Uhuru" katika pwani ya wakati ule kwanza ulikuwa hali ya mtu asiye mtumwa, na akiusikia mtu aliyekombolewa, hausikii kama anavyousikia mkutano wa hadhara wa mwaka 1961. Kwa upande mwingine, jumbe (mkuu wa kijiji), akida, liwali, boma na kiboko ni maneno ya pale pale, na "hamsa ishirini", yaani viboko 25 vya adhabu, ni maneno mawili yanayobeba uchungu ambao ukurasa mzima wa maelezo hauubebi. Salamu nazo zina cheo: angalia ni nani anayemwambia nani "shikamoo", na nani anayekataa kuijibu.

Usivuke mpaka ukaandika kwa Kiswahili cha tenzi za kale ili kuonyesha ukale. Wahusika hawakujiona kuwa ni watu wa kale.

Hatua ya tano: watendee haki waliotajwa majina

Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake juu ya vita hivi, iliyotoka mwaka 1969, alimwita kiongozi wake Kinjeketile, na katika utangulizi akamweleza msomaji waziwazi kwamba mtu huyo wa jukwaani ni zao la ubunifu na asichukuliwe kuwa ndiye mtu wa historia. Huo ndio uungwana ninaoupendekeza. Tunayojua kuhusu Kinjikitile mwenyewe ni machache, na yeyote anayempa hotuba ya kurasa tatu anampa hotuba yake mwenyewe.

Kanuni ninayoifuata ni kutomsingizia mtu wa kweli uhalifu, usaliti au woga ambao kumbukumbu hazimtwiki. Ikiwa kisa kinahitaji jumbe msaliti, buni jumbe, mpe kijiji cha kubuni, na umwache jumbe wa kweli apumzike. Hili si suala la marehemu peke yao. Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa mwaka 1906, na tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika mjini Songea, akakutana na ukoo wake na kuomba msamaha. Watu watakaosoma ulichoandika juu ya babu yao wanaweza kukupigia simu.

Gavana Gustav Adolf von Götzen na wakubwa wenzake nami huwaacha mbali, waonekane kama walivyoonekana na watu wa kijijini, yaani kama amri iliyokuja na mtu mwingine.

Hatua ya sita: waachie imani zao

Kosa lililo gumu kuliko yote kulitambua ni la fikra, kwa sababu halina tarehe. Mwandishi wa leo huona haya kwa ajili ya maji yale yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, kwa hiyo humbuni shujaa ambaye kimoyomoyo hayaamini, anayejua kwamba risasi ni risasi, na ambaye kwa bahati anafikiri sawasawa na mhitimu wa chuo kikuu. Mtu wa namna hiyo huenda alikuwapo. Lakini akiwa ndiye mtu pekee mwenye akili katika riwaya, umewadharau maelfu waliokwenda vitani wakiwa na akili timamu, katika nchi ambamo dawa ya vita ilikuwa jambo linalojulikana na mganga alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Mpe muumini akili kubwa kuliko ya mwenye shaka, kisha uone sura itakavyokwenda.

Ndivyo ilivyo pia kwa siasa. Mwalimu Nyerere alipozungumza Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1956, aliieleza Majimaji kuwa ni watu kuukataa utawala wa wageni, na maelezo hayo yalikuwa na kazi kubwa ya kufanya wakati huo. Mkulima wa mwaka 1905 huenda alikataa pamba kwanza, akamkataa akida baadaye, na Kaiser hakuwahi kumfikiria. Mwache akatae kwa mpangilio wake.

Hatua ya saba: ukibadilisha, badilisha kwa makusudi, na useme

Hapa sina mengi. Mimi nimeunganisha vijiji viwili kuwa kimoja na nimeileta mvua wiki mbili mapema. Kabla ya kufanya hivyo niliuliza swali la mwanzo: je, kuna mtu ambaye sasa anaweza jambo asiloliweza wakati ule? Kwa vijiji jibu lilikuwa hapana. Kwa mvua jibu lilikuwa ndiyo, kwa sababu mto ulijaa na kundi la askari likachelewa, basi nimeitaja mvua hiyo katika maelezo ya mwandishi mwishoni mwa kitabu. Nusu ukurasa unatosha. Usiombe radhi kwa ajili ya vifungo.

Hatua ya nane: wape wasomaji watatu

Mpe rasimu mtu mmoja anayeifahamu historia ya kipindi hicho, mmoja ambaye hajui lolote juu yake, na mmoja wa mahali penyewe. Wa kwanza atakusahihisha tarehe. Wa pili atakuonyesha ulipomwaga daftari. Wa tatu ataona jambo ambalo hukujua kwamba ni la kuonwa. Mzee aliyenisomea rasimu, mtu wa kusini, aliyapita mapigano yote bila neno, akasimama kwenye sura ambayo kijana wangu anaingia uani kwa wakwe zake, anamwita mama mkwe kwa jina lake na kumpokea mtungi mkononi. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu kijana hana adabu, au hajaoa?" Niliiandika upya sura ile. Sasa kijana anapita nyuma ya nyumba, anakohoa, anatuma mtoto, anasubiri mtungi uwekwe chini ndipo auchukue. Na muda anaopoteza ndio unaowawezesha askari kufika.